Alexander Wilson, mfumaji aliyefuata ndege kwa miguu

Mtu yenye tunasimulia leo hakushuka hata siku moja ndani ya shimo la madini. Alikuwa mfumaji wa nguo, mtoto wa mfumaji wa nguo. Lakini wachimbaji na familia zao watamjua haraka, juu aliteswa na kitu kimoja yenye sisi wote tunajua: kipimo cha uongo. Alikisema mbele ya watu, akafungwa. Kiisha akavuka bahari. Na kule ugenini, kwa miguu yake, ndani ya mvua, matope na theluji, akafanya kazi kubwa yenye mpaka leo watu wa masomo wanaiheshimu. Jina lake ni Alexander Wilson. Kule Marekani wanamwita baba wa elimu ya ndege.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1766 katika mji wa Paisley, inchi ya Uskoti. Paisley ilikuwa mji wa wafumaji, sawa vile Kolwezi ni mji wa wachimbaji. Ukipita njiani unasikia paka mlio wa mashine za kufumia, zile za mbao, za kusukuma kwa mikono na miguu. Wazazi wake walitaka asome apate kuwa mchungaji wa kanisa. Lakini mama akafa wakati Wilson angali mtoto, baba akaoa mke mwingine, na masomo yakaishia pale. Mwaka 1779, akiwa na miaka 13, wakamuweka kwa shemeji yake ajifunze kufuma. Miaka tatu ya kujifunza, kutoka asubuhi mpaka usiku, umekaa pahali pamoja, mgongo umepinda.

Wilson hakupenda kukaa. Alipenda kutembea, na alipenda kuandika mashairi. Alipokomaa akaacha kidogo mashine, akafunga nguo ndani ya mzigo, akazunguka Uskoti kwa miguu akiziuza mlango kwa mlango. Mwaka 1790 akachapisha kitabu cha mashairi yake. Hakikumpa mali. Akarudi kufuma.

Sasa tuone hii shida ya kipimo. Mfumaji wa Paisley hakulipwa kwa siku. Alilipwa kwa urefu wa kitambaa yenye ametoa. Uzi ulikuwa wa tajiri, kipimo kilikuwa cha tajiri, na mwenye kupima alikuwa mtu wa tajiri. Kama tajiri anarefusha kipimo kidogo tu, mfumaji anafuma zaidi kwa pesa zile zile, na macho yake hayaoni kitu. Mwaka 1792 Wilson akaandika shairi kali juu ya mwenye kiwanda mmoja wa pale Paisley, jina lake William Sharp. Akamwita papa, yule samaki mkubwa wa kula wengine, na akasema wazi kama alikuwa amerefusha kipimo ili aibie wafumaji.

Wachimbaji wa mkono wa kwetu hawahitaji maelezo marefu hapa. Unatoka na mifuko yako, unafika kwa mnunuzi, mizani ni yake, mashine ya kupima nguvu ya madini ni yake, na kijana mwenye kusoma namba ni wake. Unaambiwa kilo, unaambiwa asilimia, unapewa franka. Kama unabisha, unaambiwa ubebe mawe yako uende. Zaidi ya miaka 200 imepita tangu Paisley, na ule ujanja ungali unaishi.

Lakini tuseme ukweli wote, juu maisha ya mtu hayasimuliwi nusu. Wilson hakulichapisha lile shairi mara moja. Kwanza alimtumia Sharp nakala, pamoja na barua ya siri, akimdai guinea tano, pesa nzito kwa wakati ule, ili asilitoe mbele ya watu. Hapo njo alijiharibia. Shida ya wafumaji wote akaigeuza kuwa biashara ya mtu mmoja. Tajiri hakulipa. Alipeleka barua kwa mahakama, na ile barua ikawa ushuhuda. Wakubwa wa serikali wenyewe walikuwa na woga mingi kwa ile miaka, juu ya mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, na mfumaji mwenye kuandika alionekana kama moto karibu na nyasi kavu. Wilson akafungwa. Akapigwa faini yenye hakuweza kulipa. Februari 1793 akalazimishwa kuchoma mashairi yake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jela ya mji, watu wanaangalia.

Sisi wa sendika tunajifunza kitu hapa. Kipimo cha uongo kilikuwa kweli shida ya wafumaji wote. Kama wangesimama wengi, na karatasi yao wazi, bila mtu kuomba pesa ya pembeni, Sharp angekuwa na kazi ngumu zaidi. Mtu mmoja na barua ya siri ni rahisi kumvunja.

Baada ya hapo Paisley haikuwa tena mji wake. Akafuma miezi mingi, akila kidogo sana, ili apate pesa ya safari. Mei 1794 akapanda merikebu kule Belfast, pamoja na mtoto wa dada yake, kijana William Duncan. Merikebu ilikuwa imejaa, hawakupata pa kulala; wakakubali kulala juu, kwenye mbao, kwa upepo na maji ya bahari, mpaka kufika. Julai wakashuka katika jimbo la Delaware, pesa hakuna mfukoni. Wakaanza kutembea kuelekea Philadelphia. Ndani ya pori Wilson akaona ndege yenye hakupata kumwona maisha yake yote: kigogota mwenye kichwa chekundu kabisa, na mwili mweusi na mweupe. Alikuwa na bunduki, akampiga, akamshika mkononi. Waliomjua walisema kama ile rangi haikumtoka kichwani tena.

Kazi ya kufuma haikuwa nyingi. Alifanya kazi kwa mchapishaji, akafuma kidogo, akauza nguo njiani, mwisho akawa mwalimu wa watoto vijijini. Masomo yenye hakupewa alijipatia usiku: hesabu, kupima mashamba, Kijerumani. Mwaka 1802 akapata shule ndogo karibu na Philadelphia, kule Gray's Ferry. Mshahara ulikuwa mdogo, kalasi ilikuwa na watoto wengi, na yeye mwenyewe mara kwa mara alikuwa na huzuni nzito. Lakini karibu na ile shule kulikuwa na bustani ya mzee mmoja mwenye kujua sana mimea na wanyama, William Bartram. Yule mzee akamfungulia vitabu vyake na bustani yake. Rafiki mwingine, Alexander Lawson, mchongaji wa picha juu ya shaba, akamshauri ajifunze kuchora ili huzuni impungukie. Akaanza na mshumaa, usiku, mkono wa mfumaji hauna mazoea. Picha za kwanza zilikuwa mbaya. Akaendelea. Kidogo kidogo akapata wazo lenye lilionekana la wazimu: kuchora na kueleza ndege wote wa inchi ile.

Njo tunafika kwa ile safari ya 1804.

Wilson alikuwa na miaka 38. Mwezi wa Oktoba, na watu wawili, Duncan na kijana mwingine Isaac Leech, akatoka Philadelphia kwa miguu kwenda kuona maporomoko ya Niagara, kule kaskazini, mpaka na Kanada. Kila mtu na mzigo wake mgongoni na bunduki begani. Wengine walisafiri kwa farasi, wao hapana.

Oktoba kule si Oktoba ya kwetu. Sisi tunangojea mvua ya kwanza, miti inatoa majani mapya. Wao wako katika ile majira yenye Wafaransa wanaita automne: majani yanageuka mekundu na ya manjano, yanaanguka, baridi inashuka kila usiku. Kwa mtu wa ndege ni wakati wa pekee, juu ndege wanahama. Bukini na mabata wanapita juu kwa makundi, wanaelekea kusini kwenye joto. Wadogo wenye kula wadudu wamekwisha kwenda. Wanaobaki ni wale wenye kuweza kuvumilia baridi. Wilson alitaka kuona kwa macho yake nani anaenda na nani anabaki. Kwa wakati ule watu mingi, hata wasomi, walikuwa wangali wakisema kama mbayuwayu hawahami: eti wanaingia ndani ya matope chini ya maziwa na kulala kule mpaka joto lirudi. Wilson aliwacheka. Leo tunajua alikuwa na haki. Mbayuwayu wa Amerika wanashuka Amerika ya Kusini, na ndugu zao wa Ulaya wanashuka Afrika. Wale wenye tunaona Katanga wakati wa mvua wamekaa kwa mistari juu ya nyaya za umeme, wengi wao ni wageni kutoka kule.

Basi wakapanda milima ya Pennsylvania, wakafuata mto Susquehanna, wakapita pori zenye hazikuwa na njia ila ya matope. Mvua iliwapiga. Usiku walilala katika nyumba za miti za walowezi, wakila chenye wanapewa. Wakapita maziwa marefu ya jimbo la New York, Seneca na Cayuga, mpaka ziwa kubwa la Ontario. Kila pahali Wilson alisimama kuangalia: ndege gani yuko hapa, anakula nini, anapanda mti gani, analia namna gani. Wakati ule hakukuwa na jumelle nzuri wala mashine ya picha. Mwenye kutaka kumjua ndege alimpiga bunduki, akampima, akamchora mbele rangi haijafifia. Leo tunaona ni ukatili. Kwa siku zile hakukuwa na namna nyingine.

Wakafika Niagara. Maji mengi yanaanguka kwa kishindo, moshi wa maji unapanda mpaka juu. Watu wengine wangeangalia maji tu. Wilson aliangalia pia tai wenye kichwa cheupe wenye kuzunguka juu ya shimo. Aliuliza wanakula nini pale. Jibu lilikuwa chini: wanyama wenye kujaribu kuvuka mto juu ya maporomoko, swala, dubu na wanyama wadogo, mkondo unawashika, unawatupa chini, na mizoga yao inakusanyika kwenye mawe. Tai wanangoja pale kila siku. Baadaye, alipochora tai katika kitabu chake, aliweka Niagara nyuma yake.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Ilikuwa Novemba, theluji ilianza kuanguka. Barabara zilikuwa matope chini na barafu juu. Wenzake hawakuweza tena kushika mwendo wake. Yeye akaendelea, akitembea ndani ya theluji yenye kufika nusu ya mguu. Na hapo, ndani ya hali mbaya ya hewa, karibu na mto Mohawk, akapata zawadi ya safari: ndege wa kijivu, wa jamii ya kunguru, mwenye manyoya laini na mazito kama blanketi, yenye hakumjua. Ni ndege wa kaskazini, haogopi baridi, anakaribia hata kambi za wawindaji na kuiba nyama. Kama Wilson angengojea jua la Mei ili asafiri vizuri, hangekutana naye pale. Alimbeba mpaka nyumbani ndani ya mzigo wake.

Mwanzo wa Desemba akafika. Alikuwa ametembea karibu miezi miwili, zaidi ya maili 1,200, ni kusema karibu kilomita 2,000: kama kutoka Lubumbashi kwenda Kolwezi na kurudi, mara tatu. Siku ya mwisho peke yake alitembea maili 47, zaidi ya kilomita 75, kama mtu anatoka Lubumbashi asubuhi na usiku anakaribia Kasumbalesa. Viatu vilikuwa vimekwisha, pesa pia. Lakini alimwandikia mzee Bartram kama anatamani safari nyingine, ndefu zaidi. Juu ya ile safari akatunga shairi refu, lenye mistari zaidi ya 2,000. Na mwaka 1805 akachora ndege wawili wa ile njia, akatuma picha kwa rais wa Marekani, Thomas Jefferson. Rais alimjibu, akamuuliza naye habari ya ndege mmoja mwimbaji yenye hakuweza kumtambua. Mfumaji wa jela ya Paisley, miaka kumi na miwili nyuma, sasa rais anamuuliza.

Tusifikiri kama barua ya rais ilimpa mkate. Alirudi kwa watoto wa shule. Mwaka uliofuata akaomba kwenda na wapelelezi wa serikali wenye kutumwa upande wa magharibi, hakupata jibu. Lakini mwaka ule ule akapata kazi kwa mchapishaji Samuel Bradford, kusahihisha kitabu kikubwa cha elimu, mshahara dola 900 kwa mwaka. Bradford akakubali kuchapisha kitabu cha ndege, kwa sharti moja: Wilson mwenyewe atafute wanunuzi 200. Bei ya vitabu vyote ilikuwa dola 120. Yeye mwenyewe, kwa mshahara wake wa mwezi mzima, hangeweza kukinunua.

Kitabu cha kwanza kikatoka Septemba 1808, na Wilson akatoka njiani tena, tena katika majira ya baridi kuanza, kitabu chini ya mkono, mji kwa mji, akibisha kwenye milango ya matajiri na magavana. Wengine walimtazama viatu, wakafunga mlango. Katika mji wa Haverhill, jimbo la New Hampshire, wakamkamata juu walimdhani mpelelezi wa Kanada, wakamwachilia. Kiisha akashuka kusini. Karibu na mji wa Wilmington, Carolina ya Kaskazini, alikamata kigogota mkubwa mwenye mdomo mweupe kama pembe ya tembo. Ndege alilia kama mtoto mchanga, wanawake wakatoka kwenye milango kuangalia. Akamfungia katika chumba cha hoteli. Aliporudi, ndege alikuwa ametoboa ukuta karibu kutokea. Akamfunga mguu kwenye meza ya mbao nzuri. Akaiharibu meza yote. Akakataa kula, na siku ya tatu akafa. Wilson alimchora, lakini alisikitika wazi, juu aliona roho isiyokubali kufungwa. Yeye alijua jela ni nini.

Mwaka 1810, mwezi wa Februari, alipanda mtumbwi peke yake pale Pittsburgh na kushuka mto Ohio, barafu ikielea ndani ya maji. Njiani aliona kundi la njiwa wa kuhama likipita juu kwa masaa. Wengine walipiga bunduki na kula. Wilson alipiga hesabu. Upana wa kundi maili moja, mwendo maili moja kwa dakika, kupita masaa manne, basi urefu maili 240. Akiweka njiwa watatu kwa kila yadi ya mraba, karibu hatua moja kwa hatua moja, alipata njiwa 2,230,272,000. Ni mtoto wa kipimo huyu. Alijua kama mwenye kushika namba njo mwenye kuaminiwa.

Kwenye safari ile alimpiga kasuku mmoja wa kijani, hakumuua, akamtibu, akambeba mfukoni ndani ya kitambaa, mamia ya kilomita, juu ya farasi, mpaka New Orleans. Aliona jambo moja juu ya wale kasuku: ukipiga mmoja, wengine hawakimbii. Wanarudi kuzunguka mwenzao aliyeanguka, wanalia. Wakulima walitumia ule umoja wao kuwamaliza. Kasuku wake akafa maji baharini, wakati wa kurudi nyumbani.

Miaka ya mwisho Wilson alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Wapaka rangi wa picha walimwacha, akapaka mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, macho yamechoka. Agosti 1813 akashikwa na kuhara damu. Tarehe 23 akafa, miaka 47, hana mke, hana nyumba. Walimzika kwenye kanisa la Gloria Dei, Philadelphia. Kitabu chake, vitabu tisa kwa jumla, kilimalizwa na rafiki yake George Ord mwaka uliofuata. Kilikuwa na aina 268 za ndege, na 26 kati yao hawakuwa wameandikwa na mtu yeyote mbele yake.

Yule njiwa wa mabilioni hayuko tena. Watu walimuwinda na kukata misitu yake, na wa mwisho akafa ndani ya tundu mjini Cincinnati, tarehe 1 Septemba 1914. Yule kasuku wa kijani, wa mwisho alifia katika bustani ile ile mwaka 1918. Mwenye kuona kitu kingi anadhani hakiwezi kuisha. Sisi wa inchi ya shaba na kobalti tuweke hilo kichwani, juu mlima ukisha kuchimbwa haurudi, na watoto watatuuliza ulikuwa na kiasi gani na ulienda wapi.

Sharp wa Paisley leo anajulikana paka juu ya shairi lililochomwa. Wilson ana ndege wenye kubeba jina lake, na mmoja wao ni ndege mdogo mweusi wa baharini mwenye kuzunguka juu ya mawimbi ya dunia nzima, hata wakati wa dhoruba. Aliacha pia mfano kwa watoto wetu wenye masomo yamekatika njiani: daftari, kalamu, macho wazi, na kuandika kila siku kile umeona kweli. Mchimbaji mwenye kuandika kilo zake mwenyewe, kila jioni, ni vigumu kumdanganya kwenye mizani.